Kabla Chombo Hakijapokewa



Makala ya juma hili tunayaandika mbali na bahari. Tuko Banissa, katika kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, ambako huja mara kwa mara kwa ajili ya darsa. Hapa maji ni kitu cha kuchimbiwa na kulindiwa, na mtu aweza kuzaliwa, akaoa, akazeeka, asilione wimbi hata siku moja. Kwa hivyo mtastaajabu, kama tulivyostaajabu sisi, kwamba mas-ala mazito tuliyoletewa hapa miezi miwili iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, chini ya kivuli cha mgunga, yalikuwa mas-ala ya chombo cha kuvulia samaki.

Aliyetuletea ni mzee mmoja wa hapa, ambaye ameturuhusu tuandike habari yake pasi na jina lake. Alikuwa na ngamia wengi kabla ya ukame mkubwa. Nyinyi wa pwani mliusikia ukame ule redioni, hawa waliuishi. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosa misimu mitano kwa kufuatana, na nchini mwetu mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Mzee akabakiwa na sehemu ndogo ya kundi lake. Akasema kuwa mali ya namna moja ni kama hema la nguzo moja. Akashauriana na nyumba nne za jamaa zake, wakauza baadhi ya ngamia waliosalimika, wakaungana na wakwe zao wa pwani wakaagiza chombo kikubwa cha bahari kuu: cha faiba, urefu wa mita 18, chenye ghala la barafu, kiweze kukaa nje siku kumi kikivua jodari na nduaro. Fikra yenyewe haikuwa mbaya. Ndani ya miamba samaki wamekuwa wachache na wavuvi ni wengi, ilhali bahari ya Kenya yaendelea hadi maili 200 kutoka ufukweni, na jodari wa huko kwa miaka mingi wamechukuliwa zaidi na meli za wageni. Nahodha alikwisha patikana, naye ni mume wa binti ya mzee. Mabaharia watakuwa kumi na mmoja.

Mzee alikuwa na karatasi mkononi. Theluthi mbili za bei zilikwisha lipwa. Karatasi ile ilimtaka atie sahihi kwamba amekipokea chombo kama kilivyo, alipe theluthi iliyobaki, na kwamba mjenzi hatadaiwa aibu yoyote isiyoonekana siku ya kupokea. Katika simu yake mlikuwa na picha: chombo cheupe, kinang'aa, mstari wa buluu ubavuni, jina la marehemu mamake limeandikwa omo kwa hati nzuri.

Akatwambia, "Sheikh wangu, ngamia namjua. Nikimwona anavyoinuka nitakwambia mguu upi unauma. Hiki sijui kinainukaje. Nitie sahihi?"

Tulimwambia asitie, na sababu tulizompa tungependa kuzieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa wako wasomaji wetu wengi wanaoagiza vyombo, nyumba, milango na mashine kwa mikataba ya namna hii.

Mkataba wa kumwagiza fundi akutengenezee kitu ambacho bado hakipo huitwa istisnaa. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Kishafii hawakuupa mlango wake peke yake. Waliurudisha katika salam, ambapo bei yote hutolewa papo hapo katika kikao. Wahanafi wakauruhusu kwa sababu ya ada na haja ya watu, kisha wakakhitalifiana: Abu Hanifa alimwachia mwenye kuagiza hiari siku atakapokiona kitu, na mwanafunzi wake Abu Yusuf akasema kitu kikija sawasawa na sifa zilizoandikwa, hiari hana. Mnamo Mei 1992, Baraza la kimataifa la Fiqhi lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah likapitisha kwamba istisnaa yafaa na yawafunga wote wawili, maadamu jinsi ya kitu, aina yake, kiasi chake na sifa zake zimebainishwa na muda umewekwa. Likaruhusu pia bei ilipwe kwa mafungu. Basi malipo ya mzee hayakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa katika sifa. Mkataba wake wa mwanzo ulikuwa ukurasa mmoja, na katika ukurasa ule rangi ilielezwa kwa mistari mitatu, na unene wa faiba haukutajwa popote.

Tukamuuliza: sharti hili la kutodaiwa aibu zilizofichika, ulilikubalije? Akajibu bila ya kusita kwamba ndiyo desturi. Sokoni, mwenye kununua ngamia humkagua meno, miguu, kifua, kiwele, na akishaondoka naye basi; likizuka la ndani, hilo ni la Mungu.

Alisema kweli, na fiqhi iko pamoja naye kwa ngamia. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma mikekani, kauli yenye nguvu ni kwamba muuzaji akiweka sharti la kutodaiwa aibu, huepukana na aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Mnyama hula akiwa mzima, hula akiwa mgonjwa, hali yake hugeuka, na ni nadra kusalimika na maradhi ya ndani. Muuzaji mkweli aweza kutojua. Lakini ruhusa hiyo inakomea hapo. Aibu ya dhahiri haimo. Aibu aliyoijua akanyamaza haimo. Na kitu kisichokuwa na roho hakimo kabisa. Chombo hakiugui usiku. Kila kilichomo ndani yake kiliwekwa na mkono wa mtu, mchana, na mtu huyo alijua alichokiweka.

Tukamwonya na jambo la pili. Kwa Mashafii haki ya kurudisha kitu kwa aibu ni ya papo kwa papo: ukishaijua aibu kisha ukaendelea kukitumia kitu, haki yako imeanguka. Lau angetia sahihi, chombo kikatoka safari moja tu, nahodha akaona maji ndani, wakavua hivyo hivyo safari ya pili kwa kuwa samaki wako, asingekuwa na neno la kumwambia mjenzi.

Kisha tukamkumbusha kisa ambacho Imam Ghazali amekileta katika Ihya. Sahaba Wathila bin al-Asqa' alikuwa amesimama sokoni, mtu akauza ngamia jike kwa dirham 300. Wathila alikuwa ameghafilika. Aliponabihika, mnunuzi amekwisha kwenda naye. Akamkimbilia nyuma akimwita, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Mnunuzi akasema ni wa kupanda. Wathila akamwambia kwamba ameona tundu katika wayo wake, hatastahimili mwendo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirham mia, akimnung'unikia Wathila kwamba amemharibia biashara yake. Mzee alikisikiliza kisa hiki kama mtu anayesimuliwa habari za jirani yake. Alipokaa kimya kidogo akasema, "Kwa nyama, ngamia yule hakuwa na kasoro."

Ndivyo. Nasi tukaona kwamba ameshika mas-ala yote kwa sentensi moja, na kwamba afadhali tufuatane naye hadi pwani.

Safari hatutaieleza, anayeijua njia ya Wajir na Garissa anaijua. Tulifika karakanani tukiwa na mkaguzi wa vyombo, kijana wa Mombasa aliyesomea uhandisi wa meli. Tulishikilia kwamba alipwe na mnunuzi, asipokee hata chai ya mjenzi, na ujira wake wote haukufikia thamani ya ngamia mmoja. Karakana hatuitaji, na msituulize.

Chombo kilikuwa juu ya magogo, na kwa macho kilikuwa kizuri kuliko picha. Mkaguzi hakukitazama. Alimwendea nahodha akamuuliza: kitavua wapi, msimu gani, siku ngapi, barafu tani ngapi, nyavu au mishipi, na samaki atalazwaje ghalani? Mzee akatugusa bega. Ilikuwa ni lile swali la Wathila, nyama au kupanda. Chombo cha kutoka alfajiri na kurudi adhuhuri ndani ya miamba kina sifa zake. Cha kwenda maili sitini nje na kuikuta kusi ikiwa imeanza mapema kina sifa nyingine, hata vikitoka katika kalibu moja.

Kisha akatoa nyundo ndogo ya kichwa cha plastiki akaanza kugonga.

Wasiojua faiba tuwaeleze. Ni nguo za nyuzi za kioo zinazotandazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, kila tabaka likinyweshwa rezini, na hewa ikikamuliwa kwa rola. Likifanywa vyema, huwa gamba moja gumu. Pakibaki hewa, au vumbi, au unyevu, au tabaka moja likakauka mno kabla ya jingine, matabaka hayashikani, na rangi juu yake haitakwambia neno. Sauti hukwambia. Palipo pazima nyundo hulia kwa ukali na ufupi, mithili ya jiwe. Palipoachana, sauti hufa. Mkaguzi aligonga kwa mpango, kiganja baada ya kiganja, kutoka omo hadi tezi, akiweka alama kwa chaki. Kwa muda wa saa moja hapakuwa na kitu, na mwenye karakana akaanza kutabasamu. Kisha chini ya mahali pa mashine, upande wa kushoto, ubavu unapopinda kuelekea mkuku, sauti ikafa. Mbele kidogo ikafa tena.

Mzee aliiomba nyundo. Huku Banissa watu huhifadhi maji ya mvua katika mabirika ya ardhini, wenyewe huyaita berkad, na plasta ya birika ikiachana na ukuta hujulikana kwa kugongwa. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Akaenda upande wa kulia, nyuma ya ghala la barafu, akagonga, akatega sikio, akagonga, akaweka chaki yake mwenyewe. Mkaguzi alipopima kwa kipimo cha unyevu akamwambia, "Sawa kabisa, mzee."

Tukaingia ndani. Hapa twasema jambo moja kwa kila anayekwenda kukagua chombo kipya: nguo nzuri aziache nyumbani. Ubora wa chombo umo ngamani, chini ya mbao za sakafu, nyuma ya matangi, mahali ambapo fundi alifanya kazi amepiga magoti akiamini hatakuja mtu. Tulitambaa. Baadhi tuliyoyaona yalikuwa ya kupendeza, nasi ni wajibu tuyataje. Kuta zinazokigawa chombo vyumba visivyopitisha maji zilishikishwa kwa mikanda ya faiba pande zote mbili. Mihimili ya mashine ilikwenda mbali mbele na nyuma, haikukatwa karibu. Ghala la barafu lilijazwa povu nene kuta zote, na sakafu, na mfuniko, ambao ndio mafundi wengi husahau. Mkaguzi alisema barafu itakaa.

Lakini alipomimina ndoo ya maji sehemu ya omo, akaenda kuyangojea tezi penye pampu, maji hayakufika. Tulingoja. Mataruma ya chini yanapaswa yaachiwe vijitundu ili maji yaliyoingia popote yateremke yafike pampuni. Mawili kati ya hayo yalikuwa yamezibwa na rezini iliyomwagika. Pampu ilikuwa mpya na ya bei kubwa, nayo ingezunguka bure ilhali chumba cha mbele kinajaa.

Tulipoiona ndoo ile tulimkumbuka babu yetu. Alikuwa akikalafati majahazi Matondoni, na kazi yake ilipokwisha, pamba imeshindiliwa na kupakwa mafuta, chombo kikiwa bado nchi kavu alikuwa akimimina maji ndani, madebe kwa madebe, kisha anakizunguka kwa nje akipapasa kwa kiganja. Panapotoka tone anapiga alama. Sisi watoto tulidhani ni mchezo. Mzee alitwambia kuwa hata haan, kibuyu cha Wasomali kinachofumwa kwa nyuzi za mizizi kutiliwa maziwa, mwanamke mwenye kununua hukijaza maji akakitundika akakaa akipiga gumzo, wala hatoi fedha mpaka gumzo liishe.

Yaliyobaki tuyapitie upesi. Mabomba yanayotoboa gamba chini ya maji yalitiwa valvu za kawaida za bomba la nyumbani, ambazo zinki iliyomo ndani yake huliwa na maji ya chumvi, zikabaki na sura yao huku zikivunjika kwa mkono. Nyaya za umeme zilikuwa nzuri. Shafti ya rafadha ilinyooshwa na mashine chombo kikiwa juu ya magogo, jambo ambalo halina budi kurudiwa kikiwa majini, kwani gamba hubadilika umbo kidogo linapobebwa na maji.

Zito lilikuwa juu. Mkataba ulitaka ukingo wa sitaha wa urefu fulani. Nahodha, kwa nia njema, aliomba uongezwe ili vijana wasitupwe nje na wimbi. Ukaongezwa. Ila milango ya kutolea maji ya sitaha haikuongezwa. Wimbi kubwa likipanda, sitaha hugeuka birika, na tani za maji zilizokaa juu huyumba zikikivuta chombo ubavu. Tena, mzee mwenyewe aliomba kwa simu kijengwe kivuli juu ya chumba cha usukani, akimhurumia mkwewe na jua. Kikajengwa, cha chuma. Hakuna aliyepima tena.

Kupima kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Chombo huwa majini, bandari imetulia, kamba zimelegezwa. Huchukuliwa vitu vizito vinavyojulikana uzito, vikasogezwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na timazi iliyoning'inizwa ndani huonesha chombo kimelala kiasi gani. Kutokana na hapo mhandisi hujua kama kitainuka baada ya kulazwa. Karakana ile haikuwa imepima, kwa hoja kwamba vyombo vyao vyote hutoka kalibu ile ile. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa maana ya chombo kushindwa kuinuka. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka hatua chache kutoka nchi kavu ikiwa na watu kuliko idadi iliyoruhusiwa, wakafa watu 272. Tulishiriki kuwaosha. Siku ile bahari haikuwa na dhoruba.

Kuna miongozo. Mikataba mikubwa ya usalama wa vyombo vya uvuvi, ule wa Torremolinos wa 1977 na ule wa Cape Town wa 2012, ilitungwa kwa vyombo vya mita 24 na zaidi, kwa hivyo hiki cha mzee hakimo. Lakini mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, la chakula, la kazi na la usafiri wa bahari, yalitoa mwaka 2005 miongozo ya kujengea vyombo vya mita 12 hadi 24. Ni ya hiari, haimlazimishi mtu. Mwenye kuagiza chombo aweza kuiandika katika mkataba wake kwa mstari mmoja, na hapo inakuwa sharti baina yake na mjenzi. Cheti cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya nacho hakina budi kupatikana, ila kisichukuliwe badala ya ukaguzi wa mnunuzi: Mamlaka huangalia kama chombo chaweza kuruhusiwa kutoka, na mnunuzi huangalia kama amepewa alichokilipia.

Jioni, mafundi wakivua nguo za kazi, mmoja wao, mtu mzima, alitujia pembeni. Akasema sehemu ile ya kushoto ilitandazwa siku za mvua, paa likivuja, na yeye alisema wangoje, akajibiwa kuwa tarehe imefika. Tukamuuliza mbona hakumwambia mnunuzi.

"Mnunuzi gani, Sheikh? Mnunuzi yuko Banissa."

Twakiri kwamba neno lile lilitulaza macho. Kesho yake fundi yule aliyarudia maneno yake mbele ya mwenye karakana, na Mwenyezi Mungu amlipe, kwani ana familia na kazi ni hiyo. Tunakiri na jingine. Sisi wenyewe tumealikwa kusoma dua katika vyombo vingi siku ya kushuliwa. Hukalishwa mbele, tukafukiziwa udi, maulidi yakasomwa, wali ukaliwa, nasi tukawaombea mabaharia salama. Hatukuwahi hata mara moja kuomba ubao wa sakafu ufunuliwe.

Mwenye karakana alikasirika, kisha akatulia. Si mtu mwovu. Rezini huinunua kwa bei inayopanda na dola, ana madeni, na theluthi ile ya mwisho alikwisha ihesabu katika mishahara. Alisema kila chombo cha faiba kina mapovu. Mkaguzi akamkubalia, akamwonesha kwa chaki tofauti ya povu la ukubwa wa dengu na sehemu iliyoachana ya ukubwa wa sinia, chini ya mashine inayotikisika mchana na usiku. Baada ya mazungumzo ya siku mbili ikaandikwa: sharti la aibu zilizofichika lifutwe, sehemu tatu zile zichimbwe mpaka kwenye faiba nzima, zikaushwe, zitandazwe upya, na zikaguliwe kabla ya rangi, valvu zibadilishwe, vijitundu vizibuliwe, milango ya ukingo ipanuliwe, kivuli cha chuma kiondolewe kiwekwe cha turubai, chombo kipimwe kwa timazi kikiwa majini. Theluthi ya mwisho ikawekwa kwa mtu mwadilifu waliyemridhia wote wawili, ili mjenzi ajue fedha zipo na mzee ajue hazijaenda.

Ugumu uliobaki haukuwa na mjenzi. Kazi hii yachukua wiki nyingi, na kaskazi ndiyo msimu wenyewe. Kila juma linalopita ni samaki wa mtu mwingine. Nahodha, ambaye ndiye atakayelala ndani ya chombo hicho, ndiye aliyesema kwanza wakichukue hivyo hivyo. Alisema hakuna chombo kisichovuja, na kwamba yeye amekwisha kwenda na vibovu kuliko hicho akarudi. Mzee akamjibu kwa upole, mbele yetu, "Mwanangu, wewe uko radhi. Binti yangu ana watoto watatu. Hao sijawauliza."

Sasa tumerudi naye Banissa, na nyumba moja kati ya zile tano imedai irudishiwe fungu lake. Walikuwa wameahidiwa mapato ya kwanza kabla ya karo za Januari, nao hawana kosa. Wakati wa kuuza ngamia, hakuna aliyewaambia kwamba chombo chaweza kungojewa. Je, mshirika aweza kujitoa kitu kikiwa bado hakijakamilika, na fungu lake likadiriwe kwa thamani gani, ya fedha aliyotoa au ya chombo kilichochimbwa matundu matatu? Tumeombwa tutoe rai Ijumaa baada ya sala, na mpaka usiku huu tungali tunafungua vitabu.

Jana mzee aliletewa picha nyingine katika simu. Safari hii hapakuwa na mstari wa buluu. Ni picha ya ubavu uliokatwa, kingo zake zimesuguliwa kwa mteremko, na nyuzi za kioo zinaonekana ndani mfano wa kitambaa kilichochanika. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama zile za kwanza, akaikuza kwa vidole viwili, akatuuliza kama pembeni pamekauka. Tumemwambia tutampigia simu mkaguzi asubuhi.

Wabillahi tawfiq.